Ubao wa Kupigia Kafi wa Kujaza Upepo: Upi Umfae Anayeanza, Kutoka Mbeya Hadi Matema

Ubao wa kujaza upepo, ambao mtu husimama juu yake majini na kupiga kafi, ni mfuko wa PVC (plastiki ngumu inayokunjika) ambao ndani yake kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha uso wa juu na uso wa chini. Nyuzi hizo ndizo zinazouzuia usivimbe kama boya, ukabaki bapa. Ukiujaza hadi psi 12 au 15 (psi ni kipimo cha presha), karibu nusu ya presha ya tairi la gari dogo, unasimama juu yake kama uliye sakafuni. Ukiishia psi 7 unapinda katikati kama godoro la sponji, maji yanapanda hadi vifundoni, na anayejifunza anaanguka akidhani tatizo ni miguu yake. Kwa hiyo kila ubao tulioupanga hapa tumeuuliza swali moja: je, utakaza, na utaendelea kukaza?

Kwa mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa, ubao wa aina hii ndio wenye maana. Ubao mgumu wa mita tatu hauna pa kukaa ndani ya nyumba ya kupanga, na kuushusha Kyela ni kukodi gari zima. Huu wa upepo unakunjwa, unaingia kwenye begi la mgongoni la kilo 12 hadi 16 pamoja na pampu na kafi, unapanda nao Coaster mpaka Kyela au Ipinda, halafu bodaboda hadi ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa.

Bei za nje ziko hivi. Seti za chini kabisa huuzwa dola 150 hadi 250, za kati dola 300 hadi 500, na za juu, kama za Red Paddle Co ya Uingereza, hupita dola 1,000. Anayeanza haihitaji hiyo ya juu. Lakini bei ya kwenye tovuti siyo utakayolipa: ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ambayo hupigwa juu ya jumla ya bei, usafiri, bima na ushuru. Mizigo ya ndege pia hukadiriwa kwa ukubwa. Begi la sm 90 × 40 × 25, ukizidisha na kugawa kwa 5,000 kama wanavyofanya wasafirishaji wengi wa vifurushi, linahesabiwa kilo 18 hata kama mizani inasoma 13. Ukipata watu wawili watatu wa kuagiza pamoja kwa meli, nafuu ni kubwa.

1. Ubao wa matumizi yote: urefu sm 320, upana sm 81 hadi 84, unene sm 15

Huu ndio wa kununua kama hujui ununue upi. Upana wa sm 81 na kuendelea unampa anayeanza nafasi ya kutanua miguu, na unene wa sm 15 unaufanya ukaze. Ujazo wake ni kama lita 300. Lita moja ya maji ya ziwa hubeba kilo moja, kwa hiyo hautazama kwa uzito wa mtu mmoja. Suala ni utaelea juu kiasi gani. Mtengenezaji akiandika kilo 150, chukua theluthi mbili, yaani kilo 100, uwe ndio uzito wa kustarehe. Ndani yake hesabu mwili wako, maji ya kunywa, na mtoto atakayeomba kukaa mbele.

Utaukuta kwa majina mengi. Intex, Aqua Marina, Decathlon na Bestway (kwa jina la Hydro-Force) wote wana mbao za bei nafuu. Jina lisikutoshe, maana kampuni ileile huuza ubao wa sm 15 na wa sm 12 wenye picha zinazofanana. Soma vipimo. Vikiandikwa kwa inchi, unayotaka ni 6. Ukiona 4.7 au 4.75, huo ni sm 12. Kisha tafuta kiwango cha juu cha presha, ambacho huchapwa karibu na valvu: kama mwisho ni psi 10, uache.

2. Ubao mpana wa tabaka mbili: sm 335 × 86 × 15

Kwa mwenye kilo zaidi ya 95, kwa familia, au kwa nyumba ya wageni ya Matema inayotaka kukodisha, huu unapanda kuwa wa kwanza. PVC yake ina tabaka mbili, na pembeni maungio yamefunikwa kwa utepe wa pili. Unastahimili kuburutwa na wageni juu ya mchanga na mawe. Gharama yake ni uzito: kilo 11 hadi 13 ubao peke yake, na ukigeuza kona unahisi upana wake. Anayekodisha asijaribu kubana matumizi hapa. Ubao wa tabaka moja uliotumika na watu watano kwa siku huanza kuachia gundi kwenye maungio, na jua la Kyela halisaidii.

3. Ubao unaogeuka kayaki

Huja na kiti cha kufunga kwenye pete nne na kafi lenye bapa pande zote mbili. Watu wanaoogopa kusimama huanzia hapa, na ni sawa kabisa. Kwa kutoka Matema kwenda Ikombe kuwaona Wakisi wanaofinyanga vyungu, kukaa ni rahisi kuliko kusimama upepo ukianza. Angalia mambo mawili tu: kiti kiwe na mgongo unaosimama wenyewe, na unene wa ubao uwe ni sm 15, maana seti nyingi za aina hii za bei ya chini ni sm 12.

4. Wa mtumba

Hupatikana zaidi Dar es Salaam na Zanzibar. Tunauweka wa nne kwa sababu ya hatari, ila anayejua kukagua anaweza kupata ubao wa daraja la pili kwa bei ya daraja la tano. Usilipe kabla haujajazwa hadi psi 15 mbele yako na kuachwa saa kadhaa, usiku kucha ikiwezekana, mahali penye kivuli. Pakaa maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye maungio yote. Mapovu kwenye valvu siyo shida, spana ya plastiki na dakika mbili vinatosha. Mapovu kwenye maungio, au uvimbe kama yai juu ya uso, ondoka. Uvimbe huo maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

5. Mfupi na mwembamba: sm 275 × 76 × 12

Ndio unaovutia wengi kwa sababu ndio wa bei ya chini. Unamfaa mtoto au mtu wa chini ya kilo 55 kwenye maji yaliyotulia. Mtu mzima wa kilo 75 akisimama juu yake, pua na mkia vinainuka na katikati panazama. Atakaa wiki tatu bila kupiga hatua, kisha ataukunja uende stoo. Kama fedha ndiyo kikwazo, bora wa mtumba uliokaguliwa kuliko huu mpya.

Pampu, na tofauti ya Mbeya na ziwani

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteza. Ubao wa lita 300 unahitaji karibu lita 600 za hewa ya kawaida ili ufike psi 14 hivi. Pampu inayosukuma lita 2 kwa mpigo mmoja inadai mipigo 300 kwenye karatasi, na zaidi kwa mikono halisi. Chagua pampu inayojaza ukisukuma na ukivuta. Ukifika kama psi 7 unafungua kizibo kidogo pembeni ili ijaze kwenye kusukuma tu, la sivyo mikono inagoma. Geji nayo huwachanganya wengi: mshale haunyanyuki kabisa mpaka ubao uwe umeshajaa umbo. Watu wanaona sifuri, wanadhani imeharibika, wanaacha. Endelea. Presha yote unayoitafuta iko kwenye mipigo mia moja na hamsini ya mwisho.

Pampu ya umeme ya volti 12 ni ununuzi mzuri. Inachomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, inachukua hadi ampia 10, na inaujaza ubao kwa dakika 8 hadi 12. Washa injini wakati inafanya kazi, na iache ipoe kabla ya ubao wa pili. Usiiunge kwenye betri ya bodaboda, ni ndogo mno kwa mzigo huo. Na usiupeleke ubao kwa mjaza matairi. Kompresa yake inaweza kupita kiwango cha ubao kabla hujasema basi, na maungio yakishaachia hayarudi.

Sasa mwinuko. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa karibu mita 475. Hewa ya ziwani ni nzito zaidi na inabana ubao kutoka nje. Ubao uliosoma psi 15 Mbeya utasoma karibu 13 Matema, kama joto ni lilelile. Kwa hiyo ukiujaribu nyumbani ukaridhika, ukifika ufukweni pima tena. Kurudi ndiko kwenye hatari: uliojazwa psi 15 ufukweni ukafungwa juu ya Noah na kupandishwa Tukuyu unaongezeka karibu psi 2, na jua likiupiga juu ya keria unaongezeka nyingine. Toa upepo kabla ya kuondoka, hata kama kesho mnarudi. Hata ufukweni, ukipumzika kula, uweke kivulini au utoe psi 2 au 3.

Kitu kimoja kidogo cha kukitazama kwa karibu ni pini ya valvu. Fungua kifuniko, utaona kifimbo cha plastiki katikati chenye springi. Kikiwa juu, valvu imefungwa: hewa inaingia tu. Ukikibonyeza na kukizungusha kikabaki chini, valvu iko wazi. Kabla ya kujaza, kidole chako kihakikishe kiko juu. Aliyesahau atapiga mipigo 300, atachomoa mpira wa pampu, na ubao wote utapumua usoni pake kwa sekunde kumi. Futa mchanga pale kila mara. Punje moja kwenye mpira wa valvu ndiyo chanzo cha ile presha inayoshuka polepole ambayo watu huilaumu PVC.

Kafi, pezi na kamba

Kafi la aluminiamu linalokuja na seti linatosha mwaka wa kwanza. Lina uzito wa kama kilo moja na linarefuka kutoka sm 165 hadi 215. Weka urefu wako ukiongeza sm 15 hadi 20. Bapa limeinama, na lazima liinamie mbele, kuelekea pua ya ubao. Karibu kila anayeanza hulishika kinyume. Kabla ya safari lizamishe nusu uone kama linaelea, kwa sababu mengine ya bei nafuu huingiza maji na kwenda chini, na ziwa hili lina kina cha hadi mita 700 hivi.

Chagua ubao wenye pezi la kati, lile la chini ya mkia, linalotoka. Ukikosa pezi hilo, ubao unazunguka badala ya kwenda. Pini yake ndogo hupotea siku ya pili mchangani, ifunge kwa uzi. Kamba ya mguuni ni lazima. Ukianguka, upepo unasukuma ubao haraka kuliko unavyoogelea. Seti nyingi hazina jaketi la kujiokolea, kwa hiyo liweke kwenye bajeti tangu mwanzo: lenye saizi yako, lenye vifungo vinavyobana, linunuliwe kabla ya pampu ya umeme.

Maji gani

Matema na Lupingu kwa Ludewa ni pazuri asubuhi na mapema. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera, upepo wa kutoka kusini, unavuma kwa nguvu na mawimbi yanakuwa makubwa. Anayeanza akae karibu na ufukwe na atoke majini mara vilele vinapoanza kuwa vyeupe. Kaa mbali na midomo ya mito, Lufilyo ikiwemo, kwa sababu ya mamba, na waulize wavuvi wa siku hiyo, wao wanajua wameona nini. Maji yaliyotulia yenye majani mengi yaepuke pia kwa ajili ya kichocho. Kwa wa Iringa, bwawa la Mtera lina viboko na mamba, hatulipendekezi hata kidogo. Mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi yanawezekana kwa ruhusa ya mwenye shamba, ila maji ni ya baridi, vaa nguo ya kukinga.

Kuutunza

Suuza, futa, ukaushe kivulini kabla ya kuukunja. Julai ya Mbeya na Makete PVC hukakamaa kwa baridi, kwa hiyo ukunje kwa kulegea au uuache na upepo kidogo, uegemee ukutani ndani. Viraka vya kwenye kifuko cha seti ni vya PVC, lakini gundi mara nyingi haimo, inunue mapema. Kwangua eneo kwa msasa laini, futa kwa spiriti, paka gundi ya PVC pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidole, kisha bandika na kandamiza. Usijaze kwa saa 24. Na kama stoo yako ina mahindi, ninginiza begi darini kwa waya. Panya wakimaliza gunia hugeukia begi, na mara nyingi mahali wanapotoboa ni kwenye mkunjo, ambapo kiraka kimoja hakitoshi.