Mvinyo wa povu wa Uingereza na shampeni ya Ufaransa: nilivyoonja na ninachonunua sasa

Kama una pauni 40 na unatafuta chupa moja ya mvinyo wa povu, nunua ya Uingereza. Kama una pauni 20, nunua ya Ufaransa. Nimefikia msimamo huo kwa kuishi Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza katika eneo la Sussex, ambako ukitoka mjini kidogo tu unakutana na mashamba ya mizabibu, na kwa kuonja chupa za pande zote mbili, nyingi kwa pesa yangu mwenyewe.

Ulinganisho huu ni wa haki kwa sababu vinywaji hivi ni ndugu wa karibu. Zabibu ni zilezile tatu: Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Namna ya kutengeneza ni ileile. Mvinyo unachachuka mara ya kwanza kwenye tangi au pipa, halafu unatiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, unafungwa, na unachachuka tena humohumo. Gesi inakosa pa kutokea, inajibana ndani ya mvinyo mpaka shinikizo linafika karibu mara 6 ya hewa ya kawaida. Ndiyo maana chupa zake ni nzito na kizibo kinafungwa kwa waya. Hata ardhi inahusiana: chaki ya vilima vya South Downs iliwekwa na bahari katika enzi moja na chaki iliyo chini ya Champagne, eneo la Ufaransa linalotoa shampeni. Si kila shamba la Kiingereza liko juu ya chaki, lakini mengi yanayosifiwa yako juu yake au jirani nayo.

Na wanaodhani Waingereza ni wageni katika jambo hili wanapaswa kujua kwamba mwaka 1662 Christopher Merret aliwasilisha andiko kwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, akieleza jinsi mafundi wa mvinyo walivyokuwa wakiongeza sukari na molasi ili mvinyo utoe povu. Walikuwa pia na chupa imara, kwa kuwa vioo vyao viliyeyushwa kwa makaa ya mawe yenye joto kali. Walichokosa ni zabibu nzuri za kwao. Hizo zilikuja baadaye sana. Mwaka 1988 Wamarekani wawili kutoka Chicago, Stuart na Sandy Moss, walianza kupanda aina hizo tatu huko Nyetimber, West Sussex, mahali ambapo wataalamu wa kilimo waliona panafaa matufaha. Mvinyo wao wa kwanza ulitokana na mavuno ya 1992, na ulipotoka watu wengi walibadili mawazo.

Sasa kuonja kwenyewe. Mara ya maana zaidi ilikuwa nyumbani kwa dada yangu. Nilizivisha chupa soksi ili mtu asione jina, nikamimina kwenye glasi za kawaida za mvinyo mweupe. Glasi zile ndefu nyembamba ni nzuri kwa picha lakini zinabana harufu. Zilikuwepo Nyetimber Classic Cuvée, Ridgeview Bloomsbury kutoka Ditchling, Pol Roger Brut Réserve kutoka Épernay, shampeni ya bei nafuu ya supamaketi, na Crémant de Loire, ambao ni mvinyo wa povu wa Ufaransa uliotengenezwa kwa njia hiyohiyo nje ya eneo la Champagne.

Ridgeview ulijitaja wenyewe. Limau, tufaha la kijani, ukali safi unaoanza ncha ya ulimi na kuteremka pembeni mwa mdomo. Shemeji alinywa, akakunja uso, akanywa tena. "Shem, huu unakwaruza," akasema, "lakini niongeze." Nadhani hakuna maelezo mazuri kuliko hayo ya mvinyo wa povu wa Kiingereza. Ule ukali unatokana na baridi. Sussex iko kaskazini kuliko Champagne, zabibu zinaiva polepole mpaka Oktoba, na zinafika kiwandani zikiwa bado na tindikali nyingi, ileile inayofanya tufaha bichi liwe kali. Watengenezaji wengine huacha bakteria waigeuze kuwa tindikali laini kama ya maziwa, wengine huacha sehemu yake makusudi. Mimi napenda ikiachwa. Ndiyo sauti ya mahali pale, na kuifuta ili mvinyo ufanane na wa Ufaransa ni kuupotezea heshima yake.

Nyetimber na Pol Roger ndizo zilizotugawa. Bei zao zinakaribiana, pauni 40 ukiongeza au kupunguza kidogo kulingana na duka. Pol Roger ulikuwa na kile ambacho shampeni nzuri huwa nacho: harufu ya mkate uliotoka tanurini, karanga, na ule utulivu wa kinywaji kinachojijua. Viputo vilikuwa vidogo mno, laini. Nyetimber ulianza na limau na ua la mti wa matunda, halafu ukafunguka polepole, lozi, keki, asali kidogo, na ukabaki mdomoni muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Dada alichagua Pol Roger. Shemeji na mimi tulichagua Nyetimber, na tulichagua kwa sababu ileile: ulikuwa na uhai zaidi. Sishangai kwamba mwaka 2018 mtengenezaji wake, Cherie Spriggs, alitangazwa kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa povu katika shindano la International Wine Challenge, wa kwanza kutoka nje ya Champagne na mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo.

Shampeni inashinda mahali pamoja, na inashinda kwa haki: akiba. Nyumba kubwa za shampeni, zilizo katika miji ya Reims na Épernay, zina maghala yenye mvinyo wa miaka mingi iliyopita. Mwaka ukiwa mbaya wanachota humo, wanachanganya, na mnywaji hajui kwamba mvua iliharibu mavuno. Ladha ile nzito ya ndani, ile ya uyoga na matunda makavu, hutoka huko. Waingereza wengi wana miongo michache tu nyuma yao, na wengine hawana hata mmoja. Mwaka 2012 hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba Nyetimber hawakutengeneza mvinyo wowote kutokana na mavuno yale. Nawaheshimu kwa uamuzi huo, kwani ni afadhali kukubali hasara kubwa kuliko kuweka jina lako kwenye chupa dhaifu.

Tukishuka bei, mambo yanageuka. Kulima zabibu Uingereza ni ghali: mavuno kwa hekta ni madogo, baridi ya Aprili inaweza kuunguza machipukizi usiku mmoja, na wakulima huwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari ili kuyaokoa. Gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Chupa za Kiingereza za bei ya chini nilizoonja zilikuwa na ukali bila nyama, zimetoka ghalani mapema mno. Shampeni ya supamaketi nayo haikunifurahisha, tamu kidogo na bapa. Aliyeshinda kwa bei hiyo alikuwa yule Crémant de Loire, ambao ulikuwa nafuu kuliko zote na wenye adabu. Kwa harusi au ubarikio wenye wageni wengi ningenunua huo bila kusita.

Chakula ndicho kilichonimaliza kabisa. Dada alikaanga sambusa za nyama na vibua, akaweka ndimu na kachumbari. Mvinyo wa Kiingereza ulikata mafuta yale kwa namna ambayo Pol Roger haukuweza. Kila funda lilisafisha mdomo na kukufanya utake sambusa nyingine. Pol Roger ulipendeza zaidi baadaye, na jibini, watu wakiwa wameshiba na mazungumzo yametulia. Ila aliyezoea dompo ya Dodoma asianzie na hizi chupa za brut, yaani zenye sukari kidogo sana, atashtuka. Atafute iliyoandikwa demi-sec, ina sukari ya kutosha kumpokea.

Angalizo moja la ununuzi. Kuna duka liliniuzia rozé ya Kiingereza iliyokuwa imesimama dirishani, kwenye chupa ya kioo cheupe. Ilinuka kabichi iliyochemshwa. Mwanga huharibu mvinyo wa namna hii haraka, hasa kwenye kioo kisicho na rangi, basi omba chupa kutoka stoo, usikubali ya kwenye maonyesho. Duka lilinirudishia pesa bila ubishi.

Wafaransa wenyewe wameshasoma upepo. Taittinger, nyumba ya shampeni ya Reims, ilinunua ardhi Chilham, Kent, mwaka 2015 na kupanda mizabibu 2017, shamba linaloitwa Domaine Evremond. Pommery nao wako Hampshire. Nyumba zenye historia ndefu namna hiyo hazitoi pesa kwa sababu ya mapenzi ya mashambani. Joto linapanda Champagne, zabibu zinaiva mapema na kupoteza ule uchachu, na Uingereza bado unao kwa wingi.

Ukinunua chupa nzuri ya Kiingereza, usiifungue wiki hiyohiyo. Ilaze mahali penye giza na baridi kwa mwaka mmoja au miwili, ukali utapungua na ile keki itatokea. Iweke kwenye friji saa tatu kabla ya kunywa, kisha iache mezani dakika kumi. Ikiwa ya barafu hutasikia chochote isipokuwa viputo.