Tathmini ya Figo ya Nguruwe Aliyehaririwa Jeni: Imevuka Saa za Kwanza, Miezi Ndiyo Inayoisumbua

Bidhaa inayotathminiwa hapa haiuzwi dukani. Figo za nguruwe waliohaririwa jeni hutolewa kwa wagonjwa wachache nchini Marekani, kwa ruhusa maalumu au kupitia majaribio ya kitabibu, na matoleo yanayotajwa zaidi ni mawili: la Revivicor, kampuni tanzu ya United Therapeutics, lenye mabadiliko 10 ya jeni, na la eGenesis, lenye mabadiliko 69. Nimeyapima kwa kigezo kimoja tu, yaani uwezo wa kuhimili mashambulizi ya kinga ya mwili wa binadamu, kwa sababu figo ikishakataliwa sifa zake nyingine zote hazina faida.

Katika hatua ya kwanza bidhaa hii inastahili alama za juu. Chembe za nguruwe wa kawaida zimefunikwa na sukari iitwayo alfa-gali, ambayo binadamu hana, na kwa kuwa bakteria wa utumbo wetu wanayo, kila mtu mzima tayari anazo kingamwili dhidi yake hata kama hajawahi kupandikizwa chochote. Figo ya nguruwe asiyehaririwa inapounganishwa na mishipa ya binadamu, kingamwili hizo hunasa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, huamsha protini zinazotoboa chembe, damu huganda ndani ya kiungo, na figo hubadilika kuwa nyeusi yenye mabaka ndani ya dakika au saa chache. Nguruwe wa kwanza walioondolewa jeni inayotengeneza sukari hiyo walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Matoleo ya sasa yameondoa jeni za sukari mbili zaidi na kuongeza jeni za binadamu zinazotuliza protini hizo haribifu na kuzuia damu isigande ovyo. Matokeo yake yanaonekana pale pale mezani: daktari anapofungua vibanio vya mishipa, figo huingia rangi ya waridi, na mkojo huanza kutoka.

Msomaji asidanganyike na hesabu, akadhani kwamba mabadiliko 69 yanaishinda 10 karibu mara saba. Kati ya hayo 69, 59 yanalenga kuzima virusi vilivyojificha ndani ya jenomu ya nguruwe, yaani jumla ya jeni zake. Hiyo ni kinga dhidi ya maambukizi, jambo la maana, lakini si kinga dhidi ya kukataliwa. Yanayobaki ni sukari 3 zilizoondolewa na jeni 7 za binadamu. Toleo la Revivicor lina jeni 6 za binadamu na jeni 4 za nguruwe zilizozimwa, mojawapo ikiwa ile inayopokea homoni ya ukuaji, ili kiungo kisizidi kukua kikishapandikizwa. Kwa upande wa kinga, basi, yanakaribiana kuliko matangazo yanavyodokeza.

Udhaifu hujitokeza baadaye. Uhariri huu haujamfundisha mwili kuiona figo kama yake. Umeondoa tu sababu za shambulio la papo kwa papo. Chembe T, askari wa kinga walio ndani ya damu, bado huzitambua protini za nguruwe, na kingamwili mpya huweza kutengenezwa wiki au miezi baadaye. Richard Slayman, aliyepandikizwa toleo la eGenesis mjini Boston mwezi Machi 2024, alipata shambulio la chembe T siku ya 8. Madaktari walilizima kwa dawa, na alipofariki kwa tatizo la moyo mwezi Mei, uchunguzi haukuonyesha kwamba figo ilikuwa imekataliwa. Towana Looney, aliyepokea toleo la mabadiliko 10 mjini New York mwezi Novemba 2024, alikaa na figo yake siku 130. Ilibidi dawa za kushusha kinga zipunguzwe ili kutibu maambukizi, kinga ikaamka, na figo ikaondolewa. Tim Andrews, aliyepokea toleo la eGenesis, alifika siku 271 kabla ya figo yake kuondolewa kwa kuwa utendaji wake ulishuka.

Kwa maoni yangu, kisa cha Looney ndicho kipimo cha haki zaidi cha bidhaa hii, kwa kuwa kinaonyesha kwamba nusu yake imo katika dawa, hasa zile zinazokata mawasiliano kati ya chembe za kinga yanayopitia protini iitwayo CD40, na nusu hiyo haivumilii kupunguzwa. Anayelinganisha figo hizi na vali za moyo za nguruwe, ambazo zimetumika kwa miongo mingi, anakosea: vali hutibiwa kwa kemikali na haina chembe hai, ilhali figo lazima iishi ili ifanye kazi.

Ningeipendekeza kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kusafisha damu ambaye, kwa umri au kwa wingi wa kingamwili zake, hana matumaini ya kupata figo ya binadamu kwa wakati. Kabla ya kutia sahihi aulize mambo mawili: iwapo kingamwili zake zimepimwa dhidi ya chembe za nguruwe yule yule atakayetoa figo, na madaktari watafanya nini siku maambukizi yatakapowalazimisha kupunguza dawa.