Does God Have a Nature? cha Alvin Plantinga: hoja kali, sifa zenye utata

Kitabu hiki cha Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, kisichofika kurasa 150, kilitokana na mhadhara wa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Marquette, Marekani. Swali lake ni zito: ikiwa Mungu hawezi kukosa kujua yote, je, anaitegemea sifa hiyo ili awe alivyo? Na kama anaitegemea, enzi yake iko wapi?

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alijibu kwa fundisho la usahili: Mungu hana sehemu yoyote, na kiini chake, yaani kile alicho, ndicho kuwapo kwake. Hapo Plantinga anapiga mara mbili. Mungu akiwa ndiye hekima yake na ndiye uweza wake, basi hekima na uweza ni kitu kimoja, na Mungu ana sifa moja tu. Tena sifa ni kitu dhahania, kama namba. Basi Mungu naye ni dhahania, na dhahania haiumbi, haipendi, haijui lolote.

Hoja imefungwa barabara, ila kamba yake inalegea kwenye neno “sifa”. Plantinga analichukulia kama jina la kitu kilicho nje ya wenye sifa, ambacho wengi hushiriki. Kwa Thoma, hekima ya Sokrates imo ndani ya Sokrates na ni yake peke yake. Kwa hiyo pigo la pili linampata mtu mwingine, kama mwanafalsafa Nicholas Wolterstorff alivyoonyesha mwaka 1991. La kwanza bado linauma. Thoma anasema majina ya Mungu hutaja kitu kimoja kwa maana tofauti, lakini hilo linaeleza maneno tu. Namna uweza na hekima zinavyoweza kuwa kitu kimoja halijaeleza.

Anayekifungua kitabu bila kusoma kwanza swali la 3 la Summa Theologiae, kitabu kikuu cha Thoma, sehemu ya kwanza (vifungu 8, si vingi), atadhani Thoma alikosea hesabu ya kitoto.

Sehemu inayomhusu Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyesema kwamba hata kweli za hesabu zinategemea mapenzi ya Mungu, ndiyo bora kuliko zote. Plantinga anatenga madai mawili ambayo wengi huyachanganya: kwamba hakuna kabisa ukweli wa lazima, yaani usioweza kuwa uongo, na kwamba upo, ila ulazima wenyewe Mungu angeweza kuuondoa. La pili halijipingi kwa urahisi kama wanavyodhani wanaomcheka Descartes.

Mwishoni anakubali kwamba Mungu ana kiini asichokitawala, kisha anadokeza kwamba kuchunguza kweli za lazima, hata za hesabu, ni kukichunguza kiini hicho. Wazo hilo lilistahili nusu ya kitabu. Limepewa kurasa chache.