Kukodi GPU ya wingu: ipi kwanza, ipi isubiri

Wengi wakitaka kukodi mashine pepe (kompyuta ya mbali ya kukodi) yenye GPU, kadi ya kufanya hesabu nyingi kwa pamoja, huuliza kasi. Uliza kwanza memori ya kadi, maana modeli ya akili unde isipoenea humo, kasi haikusaidii kitu. Kila kigezo (namba ambayo modeli imejifunza) cha biti 16 kinakula baiti 2, hivyo modeli ya vigezo bilioni 7 inataka GB 14 kabla hujaipa hata sentensi moja ya kusoma.

Kati ya kadi za NVIDIA, namba moja kwangu ni L4. GB zake 24 zinaibeba modeli hiyo na nafasi ikabaki, tena inakubali bfloat16, muundo wa namba za biti 16 unaotumiwa sana na modeli. Ya pili ni A100 ya GB 80, kwa anayefunza modeli, si kuiendesha tu. Ya tatu ni T4 ya mwaka 2018: GB 16, bfloat16 haiijui vizuri, modeli ileile inaingia kwa kubanana. Kwa kujifunzia inatosha kabisa. H100 naiweka mwisho, si kwa ubovu, ila wengi huilipia ikae ikisubiri data itoke diskini.

Zipo pia mashine za bei ya chini ambazo mtoa huduma anaweza kukunyang'anya wakati wowote. AWS (wingu la Amazon) hukupa onyo la dakika 2, Google Cloud sekunde 30. Kama programu yako haihifadhi kazi njiani, achana nazo.

Akaunti mpya mara nyingi haina ruhusa ya GPU hata moja, kwa hiyo iombe mapema. Chagua mfumo endeshi uliokwisha kuwekewa draiva za NVIDIA, yaani programu za kuiendesha kadi. Kuziweka mwenyewe ni kujitafutia kazi.

Kuunganisha ni kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, ule wa `.pub` upeleke kwenye mashine, wa siri ubaki kwako. Ukishaingia, andika `nvidia-smi`: usipoona jina la kadi, usiendelee. Fungua `tmux` ili mtandao ukikatika kazi isife. Jupyter, programu ya kuandikia kodi kwenye kivinjari, usiiachie intaneti nzima. Ipitishe ndani ya SSH kwa kuongeza `-L 8888:localhost:8888` kwenye amri ya `ssh`.

Ukimaliza, zima mashine kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Kwenye Azure (wingu la Microsoft), ukiizimia ndani ya mfumo wenyewe, bili ya mashine inaendelea. Na diski hulipiwa mpaka uifute.