Uzoefu wangu: kliniki ya kuacha pombe yenye mchakamchaka, Kigoma mjini

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hufuata taa gizani. Siku hizo hela iko mfukoni, kazi hakuna, na gongo haiko mbali. Ndiyo maana huduma hii naipima kwa siku za mbalamwezi.

Kliniki yenyewe ni ya kwenda na kurudi, hulazwi. Unaonana na daktari, unakaa na mshauri nasaha, unahudhuria kikundi. Walichoongeza ni mazoezi ya erobiki, yale ya kupandisha mapigo ya moyo: dakika hamsini, mara tatu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo ratiba inafika hapo hapo.

Nawasifu kwa kutonikimbiza mapema. Nilifika mikono inatetemeka, jasho linanitoka. Mlevi wa siku nyingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, hata kufa. Nilipewa dawa na vitamini B1, presha ikapimwa kila nilipofika, na mtetemo ulipokwisha ndipo nikaruhusiwa kuvaa raba.

Kilichonifaa zaidi ni saa waliyochagua, kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo saa ya kilabu. Tunaanzia Mwanga, tunateremka hadi stesheni ya reli, kisha tunaupanda tena ule mlima. Mwalimu anaimba, sisi tunaitikia. Ukishindwa kuitikia, punguza mwendo, tembea. Hamu ya pombe huja kwa nguvu halafu hupoa, na mimi ikinijia niko katikati ya mlima, natafuta pumzi. Nikifika juu imeshalegea. Naoga, nakula, nalala. Gongo ilikuwa inanizimisha tu; usingizi huu wa sasa ni kitu kingine kabisa, na mama watoto ameuona kabla yangu.

Ila mazoezi peke yake hayatoshi. Mwenzetu mmoja alipoona miguu imepata nguvu aliacha kikundi na mshauri, akabaki na mbio. Mbalamwezi iliyofuata alikuwa kilabuni. Amerudi, namshukuru Mungu.

Wanawake wamesahaulika. Saa hiyo wako jikoni, na dada anayekimbia barabarani anatolewa macho. Wawekewe zamu ya asubuhi, uani, mbali na watazamaji.

Halafu mvua. Ikinyesha wanaahirisha, na ile saa inabaki wazi, saa mbaya kuliko zote. Nimemwambia mshauri: tuleteeni kamba za kuruka, baraza ya kliniki inatosha. Akanijibu, "Kaka, hilo nalipeleka kwa daktari." Mpaka leo kamba hazijaletwa, na Novemba imekaribia.