Spesa za IST kwa barabara zetu za mtaani: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: spesa, vile vipande vya kunyanyua gari, zimemaliza tatizo la gari langu kugonga chini, na hazijasaidia lolote kwenye mashimo. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na mafundi wengi wanakuuzia dawa ya moja huku wakikuahidi umepona yote. Mwenye nafasi aendelee kusoma.

Gari ni Toyota IST, toleo la kwanza, injini ya 1NZ. Nakaa Kivule, Dar es Salaam, na kibarua changu kiko Kariakoo, kwa hiyo njia yangu ni Kitunda, Banana, halafu Barabara ya Nyerere mpaka mjini. Anayeijua njia hiyo hahitaji kusimuliwa. Huko mjini tatizo ni foleni. Kasheshe iko huku kwetu ndani, ambako lami imebaki visiwa, na dereva unachagua kisiwa kipi ukanyage na tairi ipi izame. Masika ndiyo usiseme. Shimo likijaa maji hulijui kina chake, basi unamtanguliza bajaji na kumtazama: akiinama kushoto, wewe unapita kulia. Akisimama akashusha abiria kwanza, unageuza gari.

Watu wa mtaa tumejitahidi kufukia kwa kifusi. Kuna matofali mle, vigae, na kwenye shimo moja karibu na kalavati kuna kipande cha sinki la choo ambacho nakifahamu kama jirani yangu. Mvua mbili tatu zikipita, udongo unaondoka, vinabaki vichwa vya mawe vimesimama. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanimaliza. Plastiki ya chini ya bampa niliizika zamani, sampu (bakuli la oili chini ya injini) imeingia ndani upande mmoja, na kuna bolti ya uvunguni ambayo kichwa chake kimesagika hadi spana haishiki tena.

Nikaenda kwa fundi mtaa wa Gerezani, kule mjini, kijana mdogo, mikono myepesi. Akainama, akapiga tochi, akasema, "Dada yangu, weka spesa tu. Utasahau kama kuna mashimo."

"Mdogo wangu, nitasahau mashimo au nitasahau kugonga chini?"

Akacheka. "Vyote, dada."

Hiyo "vyote" ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Sokoni utakuta aina mbili na zote zinaitwa spesa. Kuna zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Ni za bei chee na zinafungwa bila kushusha kitu. Kinachofanyika pale ni kuizuia springi isibonyee, kwa hiyo gari linanyanyuka kidogo lakini linakuwa gumu kama mkokoteni. Sikuzichukua. Aina ya pili ni vipande vya alumini au plastiki ngumu vinavyokaa juu ya shokapu za mbele, pale inapofungwa kwenye bodi, na kwa nyuma vinakaa juu ya springi. Hizi haziigusi springi yenyewe, zinaisogeza tu. Nilichukua za alumini, na seti nzima pamoja na ufundi ilinitoka laki moja na themanini. Bei zinatofautiana sana kati ya fundi na fundi, ongea nao.

Matokeo ya uvunguni nayasifia bila kuficha. Zamani kati ya tairi na bodi vilikuwa vinaingia vidole vitatu kwa shida, sasa kiganja kinaingia kwa upana wake. Kwenye kalavati napita bila ule mkwaruzo wa kukufanya ufumbe macho. Nikipakia watu wanne na mzigo wa Kariakoo nyuma, tuta la shule nalivuka wima, si kwa mshazari kama nilivyokuwa nafanya. Kwa hilo pesa yangu imerudi, maana sampu ikipasuka oili ikamwagika hujui, unaua injini.

Lakini shimo lenyewe liko palepale. Tairi likitumbukia, kishindo kinapokelewa na tairi, rimu, shokapu, bushi (raba za kwenye maungio) na boljointi (viungo vya magurudumu), na spesa haimo kwenye orodha hiyo. Haina ulaini wowote, ni kipande cha chuma. Shokapu zangu zilikuwa zimechoka kabla ya spesa, zikaendelea kuchoka baada ya spesa. Zaidi ya hapo, ukinyanyua gari zile shafti za mbele zinazozungusha matairi zinakaa kwa mshazari kuliko zilivyoundwa, na raba zake za kufunika grisi zinajikunja zaidi. Yangu ya kushoto imechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ukiiacha hivyo mchanga unaingia, halafu unaanza kusikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Siwezi kuapa kwamba ni spesa tu iliyoichana, raba ilikuwa ya zamani, ila fundi hakunitajia hilo hata kwa bahati mbaya.

Jingine ambalo hakunitajia ni wili alaimenti. Ukibadilisha kimo cha gari, tairi za mbele hazikai tena kwenye mkao wake. Usukani ulianza kuvuta kulia siku ileile. Pima mara tu ukitoka kufunga, usisubiri tairi liliwe upande mmoja. Na kwenye kona gari linalala zaidi kuliko zamani, hasa ukiwa na abiria.

Kilichonipa ulaini ni shokapu mpya, nne, zilizokuja ndani ya boksi. Zile za mtumba za Ilala sizipendekezi kwa barabara kama yetu, hujui zimeteseka wapi. Ziligharimu zaidi ya mara tatu ya spesa na kila senti naiona. Kwa hiyo kama hela yako ni ya kitu kimoja na gari lako linagonga kokoko bila kugusa chini, achana na spesa, nunua shokapu na bushi. Kama linakwaruza, spesa. Mkalishe fundi chini akuambie lako ni lipi kabla hajashika spana.

Kwa wanaotegemea bima kubwa: soma karatasi zako. Kwa kawaida uchakavu haulipwi, na tairi lililochanwa na barabara halilipwi. Hili la mashimo ni la mfukoni mwako.

Na linauma, kwa sababu mfukoni serikali ilishapita. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, sawa, ikahamia kwenye mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani. Kila nikijaza tanki nachangia barabara, halafu natoka sheli naenda Gerezani kuchangia tena. Greda huwa linakuja, nisiwe mwongo. Linakwangua, linamwaga moramu, njia inapendeza hadi unapiga picha. Mitaro haiguswi. Mvua ya kwanza maji yanapita katikati ya barabara kwa sababu pembeni hayana pa kwenda, moramu inaondoka nayo.

Halafu kuna malori ya mchanga. Wahandisi wana kanuni iliyotokana na majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950: uzito kwenye ekseli moja (mhimili wa magurudumu) ukiongezeka mara mbili, barabara inaumia takriban mara 16. IST yangu ikiwa tupu ni kama tani moja. Hata tukipita sisi wote wenye vigari vidogo, asubuhi na jioni, hatufikii anachofanya mwenye lori moja lililojaa mchanga mbichi, kwenye barabara ambayo chini yake imeloa. Ila shokapu ananunua nani?

Nitabaki na spesa hizi. Tairi zilizopo zikiisha nitatafuta zenye ubavu mnene kidogo, na raba ya shafti nabadilisha mwezi huu mshahara ukitoka.

Ukienda kufunga, simama hapohapo. Spesa za mbele zinahitaji bolti ndefu kuliko zilizokuja na gari, au ziwe na bolti zake zenyewe. Nati ikishakazwa, nyuzi chache za bolti lazima zitokeze juu yake. Ukiona nati imeshika ncha tu, mwambie afungue, hata akinuna. Baada ya wiki moja ya mashimo rudi akaze upya, na hiyo rudia-rudia muipatane kabla hujalipa.