Nililipia programu ya kupanga ufutaji wa jeni, nikaambiwa bakteria wangu ni wachafu

Naanza na lile jibu, maana ndilo lililonikaa kooni. Bakteria niliowafuta jeni kama programu ilivyosema waligoma kumea, basi niliwaandikia wenye programu ukurasa mzima, nikaambatisha picha za PCR, kipimo kinachoonyesha kama jeni imefutika kweli, na vipimo vyote vya ukuaji. Mtu wa huduma kwa wateja akanirudishia mstari mmoja: hesabu ziko sawa, kagua usafi wa bakteria wako. Hata salamu hakuna!

Nasoma Ujerumani. Maabara yetu inataka bakteria E. coli atengeneze asidi ya saksiniki kutokana na glukosi, bila hewa. Programu za bure zipo, COBRApy ni mojawapo, na OptKnock, njia ya kupiga hesabu ya jeni za kufuta, iko wazi kwa kila mtu tangu 2003. Hii ya mtandaoni tuliilipia kwa sababu moja tu: waliahidi kuwa kuna mtu wa kumuuliza.

Ikapiga hesabu kwenye iML1515, modeli ya kompyuta ya kemia ya E. coli yenye jeni 1,515, ikasema tufute ldhA na pflB. Ukiisoma inaingia akilini. Unaziba njia ya laktiki, unaziba ya formiki na ethanoli, basi bakteria akitaka kuishi lazima apitie kwenye saksiniki. Nikafuta. Jeni ya pili peke yake ilinila wiki kadhaa, sahani za kanamisini, dawa ya kuchuja bakteria waliobadilika, zikijaa jokofu zima. Nikaziba chupa, nikaondoa oksijeni, nikaenda zangu. Jumatatu nikainua chupa kwenye mwanga: angavu kama maji ya kunywa, hakuna kilichomea. Nilisoma kalenda ya ukutani kupitia humo.

Kilichonichoma ni kwamba jambo hili linajulikana! NZN111, bakteria aliyekatwa jeni hizohizo, aligoma kumea bila hewa kwenye glukosi tangu miaka ya 1990. Modeli inasawazisha kinachoingia na kinachotoka; haioni kwamba kimeng'enya fulani kinachelewa na NADH, kibeba elektroni cha seli, inarundikana. Hilo ni la njia yenyewe, siligombi. Nagombana na mtu ninayemlipa, anayeona majina ya jeni hizo mbili kwenye barua yangu na hana hata neno la kunionya.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa maabara ya jirani. "Mdogo wangu, mlango wa kuingizia sukari umeuangalia?" Kumbe kila glukosi inayopita kwenye PTS, mfumo wa bakteria wa kuingiza sukari, inakula molekuli moja ya fosfoenolpiruveti, na saksiniki inaanzia kwenye hiyohiyo. AFP111, mtoto wa NZN111, alipona kwa badiliko la bahati kwenye ptsG, jeni ya mlango huo. Nikaifuta na mimi. Safari hii chupa ikawa na ukungu, na kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, kilele cha saksiniki kikawa kirefu kuliko vyote.

Sasa nyota. Nilikuwa nimeshaweka moja. Lakini haki ni haki, kaboni ilipita palepale programu ilipochora, na mimi peke yangu nisingechagua jozi ile kati ya jeni zote hizo. Basi nne. Hapana, nikikumbuka ule mstari mkono unakataa. Mbili, na zote ni za hesabu; huduma haina hata nusu.

Nimewatumia picha ya chupa yenye ukungu. Mpaka leo kimya.